Ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: "Tukikubali kwamba sheria za dini zimetungwa na watu, tutabaki na nini?" Najua hukuuliza kwa ubishi. Umeuliza kama mtu aliyeegemea nguzo ya nyumba yake akahisi inacheza. Nami swali hilo ninalo tangu utotoni.

Sijapata kukusimulia habari hii ya mama. Alipoondoka kwa baba kwa sababu ya kipigo, wazee wa kanisa walimwita wakamsomea kwamba alichounganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe. Akatengwa. Miaka 9. Hakuacha kwenda ibadani. Tulikaa benchi la mwisho, mimi na yeye, na siku ya meza ya Bwana lile sinia la vikombe vidogo lilipita mbele ya magoti yake likaenda kwa jirani. Mama alikuwa akikikunja kitambaa chake kwa mikono miwili, akikikaza, mpaka sinia lipite. Kisha akaja mchungaji mwingine. Jumapili moja akasimama akatangaza kwamba mama amerudishwa kundini. Mama hakuwa ametubu lolote jipya, wala hakuwa amerudi kwa baba. Nilikuwa na miaka 14, nikajiuliza: kama ile ilikuwa amri ya Mungu, amebadili nia lini? Na kama haikuwa yake, ile miaka 9 nani anaijibu?

Ndipo nikaanza kusoma. Cha kwanza kilichonishtua ni jiwe la Hammurabi, mfalme wa Babeli, la yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo. Lilichimbuliwa Susa, katika Iran ya leo, mwaka 1901, na sasa limehifadhiwa Louvre, Paris. Juu kabisa amechongwa mfalme akiwa mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki. Chini yake zimechongwa sheria zipatazo 282. Hata asiyejua kusoma aliielewa picha ile: ukibishana na mfalme, umebishana na mungu. Humo kuna fahali mwenye mazoea ya kupiga watu pembe. Mwenyewe ameonywa, hakumfunga, na fahali akaua mtu. Sasa fungua Kutoka 21. Ni kesi ileile, na onyo lilelile. Adhabu ndizo zinazotofautiana. Fahali akiua mtumwa, Hammurabi anataka theluthi ya mina, kipimo cha uzito cha kale, ya fedha. Kutoka inataka shekeli 30.

Nilikaa siku nyingi na zile shekeli 30. Mtu amekufa, na bei yake imekwisha kupangwa, tena analipwa bwana wake. Nakwambia kwa moyo wote, siamini kwamba aliyemuumba mtumwa yule ndiye aliyempangia bei.

Lakini kilichonibadilisha zaidi si jiwe la Wababeli, ni maandiko yenyewe. Soma Wakorintho wa Kwanza 7, sura inayozungumzia ndoa, jambo lilelile walilomtesea mama. Paulo anasema: hili nawaagiza, wala si mimi bali Bwana. Mistari miwili mbele anasema: na hili nalisema mimi, si Bwana. Ametenga kabisa, chake huku, cha Bwana kule. Naye Yesu, katika Marko 10, anasema ruhusa ya talaka iliandikwa na Musa kwa sababu ya ugumu wa mioyo ya watu. Najua alisema hivyo ili kukaza, si kulegeza, na sitakuficha hilo. Hata hivyo ametamka kwamba ndani ya Torati yenyewe kuna neno lililowekwa kwa ajili ya udhaifu wetu.

Wakumbuke pia binti watano wa Selofehadi, katika Hesabu 27. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, na urithi unawapita. Wakaja wakasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee. Musa hakuwa na jibu. Akalipeleka shauri lao kwa Mungu, likarudi kwamba wamesema haki. Lakini sura ya 36 wazee wa ukoo wao wanakuja na hofu ya kupoteza ardhi, na sheria inaongezewa sharti: waolewe ndani ya kabila lao. Kila upande ulikuja na shida yake, na sheria ikasogea.

Kwenu Waislamu si tofauti. Wewe ndiwe uliyenifundisha kutofautisha sharia na fiqhi, njia ya Mungu na ufahamu wa wanazuoni juu ya njia hiyo. Imam Shafi, mwanazuoni mkubwa wa fiqhi aliyefariki mwaka 820, ana kauli zake za kale za Iraki na mpya za Misri, na Kur'ani haikubadilika njiani. Sayyidna Omar, khalifa wa pili, anasimuliwa kusimamisha adhabu ya kukata mkono mwaka wa njaa. Na wanazuoni wenu wakimaliza kutoa fatwa huandika "Allahu aalam", Mungu ndiye ajuaye zaidi. Maneno hayo mawili yangeandikwa chini ya ile hukumu ya mama, nani angethubutu kuishikilia miaka 9?

Unaogopa kwamba kila mtu atafanya apendavyo. Mimi sisemi Mungu amenyamaza. Nikisoma amri ya kutomwonea mgeni kwa kuwa nanyi mlikuwa wageni Misri, nasikia sauti isiyo ya mwenye mamlaka anayejilinda. Hata Hammurabi anasema aliwekwa ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Hapo natega sikio.

Na mitume walipokutana Yerusalemu kuhusu tohara, baada ya mjadala mrefu na kusikiliza mashahidi, waliandika kwamba ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi. *Na sisi.* Hawakujificha. Wazee waliomtenga mama walifuta maneno hayo mawili, wakabaki na Roho Mtakatifu peke yake kama muhuri wa uamuzi wao. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka jana nilimuuliza mama, kwa mara ya kwanza, kama miaka ile alidhani Mungu ndiye aliyemtenga. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua uso. "Wale walikuwa wazee," akasema. "Ndiyo maana sikuacha kwenda."

Niandikie, uniambie wewe unasikia nini.

Wako daima