Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Barua za Ndege

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa stempu na barua za zamani,

Hesabu za fedha mweka hazina amekwisha kuzisoma. Mimi nashukuru tu waliolipa ada zao mapema, kisha nieleze kazi iliyotushika zaidi mwaka huu: kutafuta jinsi gharama ya barua za zamani za ndege kutoka Afrika Mashariki ilivyofikiwa.

Kujumlisha stempu ni kazi ya dakika moja. Ugumu ni kujua kwa nini mtumaji alilipa kiasi hicho, na hapo tunaanza na tarehe ya mhuri. Ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zilifika Mwanza mwaka 1931, na Januari 1932 safari zikasogezwa hadi Cape Town. Miaka hiyo aliyetaka barua yake ipande ndege alilipa nyongeza. Kuanzia 29 Juni 1937 ukaja mpango wa kusafirisha barua zote za kawaida kwa ndege bila nyongeza: kutoka Uingereza peni moja na nusu kwa kila nusu wakia (kama gramu 14), na kwetu senti 20. Ndiyo maana bahasha ya mwaka 1938 yenye stempu moja ya korongo ya senti 20 haikupungukiwa kitu, ingawa baadhi yetu tulibishana sana juu yake. Yenye senti 40 nayo tusiseme haraka kwamba mtu alizidisha. Yaelekea ilipita nusu wakia.

Barua za Unguja zina mtego wake. Hadi mwisho wa 1935 senti za huko zilikuwa za rupia, na rupia moja ilikuwa shilingi moja na nusu. Senti 20 za Unguja, kwa hiyo, ni senti 30 za Mombasa au Dar es Salaam. Anayelisahau hili ataharibu hesabu yote.

Vita vilipozuka mwaka 1939 mpango ule ulikoma. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, njia ya Mediterania ikafungwa, na barua nyingi za Uingereza zikapita baharini kwa sehemu kubwa ya safari. Kibandiko cha ndege, yaani kikaratasi cha kuonyesha barua ipelekwe kwa ndege, peke yake hakithibitishi njia ya barua ya wakati huo. Tazameni mihuri ya nyuma, na kama kibandiko kimepigwa mistari miwili, hiyo mara nyingi ni alama kwamba safari ya angani iliishia hapo.

Ombi langu kubwa, nalisema kwa uzito wote: msiloweke bahasha ili kubandua stempu. Stempu ikitoka, tarehe, njia na alama ya rejista vyote vinapotea, na thamani yake kwetu inakwisha. Wenye barua za wazee wao wazilete nzima, hata zilizochakaa.

Mwaka ujao kamati itapitia matangazo ya posta katika magazeti ya serikali ya enzi hizo, tuweke jedwali la gharama kwa kila tarehe. Wanaoweza kusoma nyaraka hizo wamwone katibu.