Mbps si MBps, na Wi-Fi si intaneti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu matangazo ya intaneti ya majumbani.

Kifurushi kikiandikwa 40 Mbps, hiyo b ndogo ni biti. Mafaili tunayopakua hupimwa kwa baiti, B kubwa, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5 tu. Filamu ya MB 600 haitashuka chini ya dakika 2 hata mambo yakienda vizuri. Magazeti nayo huchanganya herufi hizo kila mara, kana kwamba tofauti ya mara 8 ni kitu kidogo.

Halafu kuna kuiita Wi-Fi intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya simu na ruta (kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani), basi. Intaneti huingia kwenye ruta kwa faiba, laini ya simu au antena ya paani, na alama ya Wi-Fi inaweza kujaa huku nje hakuna kitu. Kabla ya kuwalaumu watoa huduma, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima vifaa vingine, kisha pima kasi. Ukipata uliyolipia kwa waya lakini hewani ikashuka, tatizo liko nyumbani mwako. (Waya nao ukaguliwe: ndani yake mna jozi nne za nyaya; jozi moja ikikatika, kasi haivuki megabiti 100 kwa sekunde.)

Nyumbani penyewe, hasa kwenye maghorofa, shida huwa msongamano. Wi-Fi hutumia zaidi masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri, ila chaneli zake (njia ambamo kila ruta hurusha mawimbi yake) zimepishana megahezi 5 wakati kila moja hutumia upana wa megahezi 20. Ndiyo maana zisizogongana ni 1, 6 na 11. Fundi anayekuwekea chaneli ya 3 akidhani amekwepa majirani amekugonganisha na wa 1 na wa 6 kwa pamoja! Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, lakini kuta za zege huidhoofisha haraka. Ruta ikae juu, mahali pa wazi, si nyuma ya televisheni.

Ombi langu kwa wanaotangaza: waandike pia kasi ya kupakia, si ya kupakua peke yake. Anayefundisha kwa video akiwa nyumbani anaihitaji hiyo kuliko nyingine.

Fundi mitandao,
Dar es Salaam