Barua kutoka Trondheim: Mfalme aliyerudi kutoka ughaibuni

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama Mkubwa na wadogo zangu wote hapo Tanga. Mimi sijambo, kazi inakwenda, baridi tumeshaizoea. Uliponipigia simu uliniuliza habari za mji huu, na nilipokuambia kwamba zamani ulikuwa makao ya wafalme wa Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa kaskazini mwa Ulaya, ukataka nikuchagulie mmoja tu: alitawala vipi, na nani aliyezilipa gharama zake. Nimemchagua Harald Sigurdsson, ambaye Wanorwei wanamwita Harald Hardråde, yaani Harald wa utawala mgumu.

Sababu ya kumchagua yeye ni hii. Kabla hajawa mfalme alikuwa mtu wa ughaibuni kama sisi tulioondoka nyumbani. Alitoka kwao ana miaka 15, akarudi ana kama 30. Watu hapa hupenda kuhadithia vita vyake, lakini mimi naona utawala wake wote, mema yake na ukatili wake, aliufundishwa huko alikokwenda kutafuta.

Alizaliwa karibu na mwaka 1015, upande wa kusini mwa nchi. Baba yake, Sigurd, alikuwa mfalme mdogo wa Ringerike, mtu aliyependa mashamba yake kuliko mapanga. Kaka yake kwa mama, Olav, ndiye aliyekuwa mfalme wa Norwei yote. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baada ya Harald kufa, anasimulia kwamba siku moja Olav aliwauliza wadogo zake wanatamani kuwa na nini. Wa kwanza akataka mashamba ya nafaka. Wa pili akataka ng'ombe. Harald, mtoto mdogo kabisa, akataka askari, tena wengi kiasi cha kuwamaliza ng'ombe wa kaka yake kwa mlo mmoja. Huenda hadithi hii ilitungwa baadaye ili imfae mtu aliyekwisha julikana, lakini inamfaa kweli.

Olav alipinduliwa, akajaribu kurudi madarakani, na tarehe 29 Julai 1030 akauawa Stiklestad, kaskazini ya hapa. Baadaye akatangazwa mtakatifu, na kanisa kuu la mji huu, Nidaros, limejengwa juu ya kaburi lake. Harald alipigana upande wake siku hiyo. Alijeruhiwa, akafichwa kwa mkulima msituni mpaka kidonda kilipopoa, kisha akavuka milima kwenda Uswidi. Njiani alitunga shairi ambalo bado linasomwa: anasema sasa natambaa msitu hadi msitu bila heshima, lakini ajuaye nani, huenda siku moja jina langu likavuma. Baba Mkubwa, kila nikilisoma nawafikiria vijana wote niliokutana nao njiani na kwenye foleni za vibali vya kuishi.

Mwaka 1031 alifika kwa Yaroslav, mtawala wa Kiev na Novgorod, akamtumikia kama askari kwa miaka michache. Halafu akashuka hadi Konstantinopoli, mji mkubwa kuliko yote ya Ulaya wakati huo, akaingia katika kikosi cha Wavarangi, askari wa kaskazini waliolipwa na kaizari. Hapa hatumtegemei Snorri peke yake. Yupo Mgiriki mmoja wa zama hizo, Kekaumenos, aliyeandika kwamba mwana wa mfalme aitwaye Araltes alikuja na mashujaa 500, akapelekwa na Kaizari Mikaeli wa Nne kupigana Sisilia, kisha Bulgaria, akazawadiwa vyeo vya ikulu ya kaizari. Vyeo vyenyewe havikuwa vikubwa, na Kekaumenos anamsifu kwa kuvipokea bila manung'uniko. Nikisoma hapo namwona kijana wa ukoo wa kifalme aliyesimama mlangoni pa mtu mwingine kwa mshahara.

Mshahara huo na ngawira hakuvitapanya. Anasema Snorri kwamba alichokusanya alikipeleka kwa Yaroslav, amtunzie. Kwa miaka mingi dhahabu ilipanda kaskazini huku mwenyewe akibaki kusini kwenye kazi ya hatari. Mwaka 1042 wananchi wa Konstantinopoli walimwasi Kaizari Mikaeli wa Tano, akakamatwa na kutobolewa macho, na malenga wa Harald wanasema yeye alishiriki. Chini ya kaizari aliyefuata, Konstantino Monomakos, aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa, akatoroka. Hilo Kekaumenos analithibitisha, na anaongeza kwamba hata alipokuwa mfalme Harald hakuweka kinyongo, bali aliendeleza urafiki na Warumi, ndivyo watu wa dola ya Konstantinopoli walivyojiita.

Alichukua hazina yake kwa Yaroslav na akamwoa binti wa mtawala huyo, Elisiv. Kuna beti alizotunga zikilalamika kwamba binti huyo wa mashariki anamdharau. Basi mwanamume aliyeogopwa na majeshi alikuwa na hofu hiyo pia.

Sasa kurudi. Norwei ilikuwa mikononi mwa Magnus, mwana wa Olav, yaani mtoto wa kaka yake. Harald alianza kwa kuungana na Svein Estridsson, aliyekuwa akiupigania ufalme wa Denmark dhidi ya Magnus, wakapora pamoja. Magnus akaona heri mapatano. Mwaka 1046 wakakubaliana: Harald apewe nusu ya ufalme, naye atoe nusu ya hazina. Nusu ya nchi ilinunuliwa kwa fedha zilizotoka ugenini! Mwaka uliofuata Magnus akafa, Harald akabaki peke yake.

Hapo ndipo swali lako la gharama linapoanza kujibika. Kule kwa Wagiriki aliona dola yenye kodi, sarafu na askari wanaolipwa, ambamo mkubwa wa wilaya hawezi kumbishia kaizari. Norwei haikuwa hivyo. Wakuu wa mikoa walijiona wenza wa mfalme, na wakulima walijiamulia mambo barazani kwao. Harald hakulivumilia hilo. Hapa Trondheim mkubwa wao alikuwa Einar Tambarskjelve, mzee aliyewasemea wakulima mbele ya mfalme. Harald alimwita kwenye mazungumzo katika jumba lake kando ya mto Nid, akamuua yeye na mwanawe Eindride, huku watu wao wakingoja nje. Mto huo naupita kila niendapo kazini. Kumwita mtu mezani ili umuue ni khiyana, na sijaona sababu ya kuipamba.

Alitengeneza sarafu zake mwenyewe, jambo lililoipa Norwei fedha ya nchi nzima, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini alizichanganya kwa shaba kadiri miaka ilivyokwenda, mpaka fedha halisi ikawa sehemu ndogo. Halldor Snorrason wa Iceland, aliyekuwa naye Konstantinopoli, alipolipwa mshahara wa sarafu hizo alizimwaga chini kwa hasira. Mwenzake wa shida ndiye aliyelipwa shaba.

Na vita vya Denmark, karibu kila mwaka kwa miaka kama 15! Aliuchoma mji wa biashara wa Hedeby mnamo mwaka 1050. Mwaka 1062 alimshinda Svein katika vita vya majini vya Nisa, lakini Svein alitoroka, na mwaka 1064 wakapatana kila mmoja abaki na nchi yake. Yaani vijiji vyote vile vilichomwa pasipo yeye kupata hata shamba moja. Alipomaliza huko aliwageukia wakulima wa Uppland, ndani ya nchi yake mwenyewe, waliokataa kodi. Akachoma nyumba zao na kuwakata watu viungo. Malenga wake wakatunga mashairi ya kuusifu moto huo, na ndiyo maana tunayajua haya leo.

Lakini kuna jambo moja linalonizuia kumhukumu kwa sentensi moja. Iceland ilipopatwa na njaa kali, Harald alipeleka merikebu nne za unga, na akaweka kikomo cha bei ili wafanyabiashara wasiwakamue wenye njaa. Akawaruhusu maskini waliopata chakula cha safari wahamie Norwei. Nchi hiyo haikuwa chini yake, hakuwa na kodi ya kuidai huko. Nadhani aliyewahi kufika mahali hana kitu, akapokelewa, hawezi kusahau kabisa.

Mwisho wake unajulikana zaidi Uingereza kuliko hata hapa. Mwaka 1066 Mfalme Edward wa Uingereza alikufa bila mtoto, na Tostig, ndugu wa mfalme mpya Harold Godwinson, akamshawishi Harald aende kuutwaa ufalme. Kabla ya kusafiri alilifungua sanduku la Mtakatifu Olav hapa mjini, akamkata kaka yake kucha na nywele, akalifunga na kuutupa ufunguo mtoni. Ndivyo Snorri anavyosimulia. Akaondoka na merikebu zinazokadiriwa kuwa 300. Septemba 20 alishinda Fulford, mji wa York ukajisalimisha. Siku tano baadaye, penye daraja la Stamford, jeshi la Kiingereza liliwakuta jua likiwaka, deraya wameziacha kwenye merikebu. Mshale ulimpata kooni. Waliosalia walirudi kwa merikebu 24 tu. Siku tatu baada ya hapo William wa Normandy aliteremka kusini, na Oktoba 14 akamshinda Harold naye.

Mwili uliletwa mwaka uliofuata, ukazikwa katika kanisa la Maria alilolijenga mwenyewe hapa. Baadaye ukahamishiwa monasteri ya Helgeseter, ambayo ilikuja kubomolewa. Leo eneo hilo lina barabara na nyumba. Mwanawe Olav, aliyekuwa naye safarini Uingereza, alitawala mpaka 1093 na hakupigana vita hata kimoja na jirani. Nchi ikastawi. Watu walimpa jina la Olav Mtulivu, na mimi naamini aliyaona ya daraja la Stamford akachagua amani.

Baba Mkubwa, wewe umefundisha historia miaka mingi, nipe maoni yako: unga ule wa Iceland unauwekaje kwenye mizani na moto wa Uppland? Mimi nimeelemea upande wa wakulima waliochomewa, kwa sababu wao ndio waliolipa kodi iliyonunua unga. Ila nataka kusikia hoja yako kabla sijatulia na hiyo.

Msalimie sana Mama Mkubwa, umwambie fedha ya dawa nimeituma kwa njia ile ile. Na mdogo wangu akimaliza mitihani anipigie.

Mwanao,
Trondheim