Taa na Saa: Barua kwa Mwanangu

Kayole, Nairobi
Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Jumapili tulipotoka kanisani uliniuliza, "Mama, mbona wewe huimbi? Unachezesha midomo tu." Nikajifanya natafuta nauli mkobani. Sasa umelala, cherehani nimeifunika, na nimeona heri nikujibu kwa kalamu, maana kwa mdomo nitalikwepa tena swali lako.

Nilikuwa darasa la sita. Shule yetu ilikuwa ikijiandaa kwa Tamasha la Muziki, hili hili mnalolisikia nyinyi leo, lililoanza mwaka 1927. Tulipangwa safu tatu, na mwalimu akawa anapita akitega sikio mbele ya kila mtoto. Alipofika kwangu akasimama. "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Sare nilikuwa nimeshapewa, na ningetolewa safu ingebaki na pengo. Basi nikaimba bila sauti hadi siku ya mashindano. Nimeendelea hivyo miaka yote: harusini, matangani, kanisani. Wewe nilikubembeleza kwa kukupapasa mgongo, sikuwahi kukuimbia hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Usimchukie mwalimu yule. Sisi hatukufundishwa muziki. Kipindi kilikuwa kwenye ratiba ukutani, lakini kwa kuwa muziki haukuwa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, saa ile ikifika aliyeingia ni mwalimu wa hesabu. Kwaya ilichukua waliokuja na sauti zao kutoka nyumbani. Wengine tuliachwa tulivyo.

Ndiyo maana unaponikuta nimesimamisha cherehani nakusikiliza, usidhani nimechoka. Siku ya kwanza ulipopiga makofi mezani ukisema "taa, taa, ta-te, taa," nilidhani unataka taa iwashwe. Ukanieleza kwa subira kama mwalimu mzima: taa ni pigo moja, ta-te ni pigo lile lile limegawanywa mara mbili, tafa-tefe mara nne. Kisha ukafungua viganja hewani bila kuvigonganisha, ukanong'ona, "Saa." Nikakuuliza hiyo nayo ni nini. "Ni pigo la kimya, Mama. Hupigi, lakini unahesabu."

Nililala nikiliwaza neno hilo. Miaka yangu yote ya kwaya nilikuwa kimya, lakini sikuwa nahesabu chochote. Nyinyi mnafundishwa kunyamaza mkiwa bado ndani ya wimbo, mkijua mtarudi lini.

Kwenye mikutano ya wazazi, wenzangu wakitaka kuutetea muziki husema unasaidia hesabu. Huenda ni kweli, kugawanya pigo mara mbili na mara nne ni sehemu hizo hizo mnazofanya daftarini. Lakini mimi sipendi kuusikia ukiombewa nafasi kwa jina la somo jingine. Wewe uliniletea chupa mbili za plastiki, moja umetia mchele na nyingine ndengu, ukaniambia nifumbe macho nizitofautishe. Mchele ulisema kama mvua kwenye mabati ya mbali. Ndengu ziligonga moja moja. Sikio lililofunzwa kusikia hivyo lina thamani yake lenyewe.

Na ile filimbi, mnayoiita rekoda. Najua jirani alilalamika. Nilizungumza naye, endelea. Nimekuangalia ukihangaika: kidole gumba kimeziba tundu la nyuma, cha shahada kimeziba la kwanza mbele, hiyo ni noti ya B. Ukiongeza kidole cha pili inakuwa A, ukiongeza cha tatu, G. Kidole kikiacha upenyo wa unywele tu, filimbi inapiga yowe. Wiki ya kwanza ulipuliza kwa hasira na ikakujibu kwa hasira. Juzi ulipuliza polepole, ulimi ukisema "tu, tu, tu," na G ikatoka nzima. Hukuniona, lakini nilisimama mlangoni na kitambaa cha mtu mkononi hadi ukamaliza.

Ulipokuja kunisimulia kuhusu nyatiti ya Waluo, kwamba ina nyuzi nane na mpigaji huvaa pete kwenye kidole cha mguu ili augonge mwili wa chombo huku mikono ikicharaza, nilitazama mguu wangu kwenye pedali. Nami nashona hivyo, mguu una kazi yake na mikono ina yake. Hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba kazi yangu ina mapigo.

Kwenye wimbo wa taifa pia umenifungua macho. Nimeuimba, yaani nimeuchezeshea midomo, kila bendera ilipopandishwa, na sikujua kwamba sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, kule Tana River, ukatengenezwa mwaka 1963 tulipokuwa tunapata uhuru. Mama fulani alimwimbia mwanawe, na sasa nchi nzima husimama wima kwa sauti hiyo.

Lakini lililonifanya niandike ni jambo la jana. Ulikuwa unanionyesha ishara za mikono za noti za do re mi: do ngumi, mi kiganja kimelala, so kiganja kimeelekea kifuani, ti kidole kinaonyesha juu. Ukaniambia nikufuate. Nikakwama kwenye so, koo likafunga kama lilivyofunga darasa la sita. Ukasema, bila kunicheka, "Hiyo do ni ya juu kwako. Tuishushe. Mwalimu wetu huishusha mtu akishindwa." Nikauliza, kwani do huhama? Ukanishangaa. Inahama, Mama. Do unaianzisha pale koo lako linapoweza, na nyingine zote zinaifuata.

Nilikwenda jikoni nikafungua maji ya mfereji ili usinisikie. Miaka ishirini na zaidi nimeamini sauti yangu ni mbovu, kumbe siku ile ningeshushiwa do tu. Nikaimba pale kwenye sinki, chini kabisa, do re mi, hadi so. Ilifika.

Jibu la swali lako basi ndilo hilo. Jumapili kaa karibu nami, na ukisikia sauti nzito upande wako wa kushoto usigeuke kunitazama, nitaona haya. Na kesho ukimaliza kazi ya ziada, nionyeshe tena mkono wa fa. Nakumbuka gumba linaelekea chini, lakini vidole vingine nasahau vinakaaje.

Mama