Ratiba za treni zisifungiwe kabatini

Mhariri,

Naandika programu za simu. Mwaka jana nilikesha siku tatu nikinakili ratiba ya treni kutoka kwenye picha iliyobandikwa tovutini, kituo baada ya kituo, saa baada ya saa. Wiki mbili baadaye kampuni ikaiwahisha treni ya alfajiri kwa dakika kumi na mbili. Picha ilibadilishwa kimyakimya; mimi sikujua, na waliokosa treni walinitukana mimi.

Nilipoomba data yenyewe, nilijibiwa kuwa ni mali ya kampuni. Mali gani hiyo, iliyobandikwa ukutani kila mtu aisome?

Dawa ipo tangu 2005, pale TriMet, shirika la usafiri la Portland, Marekani, liliposhirikiana na Google kutengeneza mfumo wa kuandika ratiba za usafiri ili programu yoyote izisome, unaoitwa GTFS. Ni mafaili ya maandishi matupu: vituo, safari, siku za kazi, nyakati. Hata treni inayoondoka kabla ya usiku wa manane na kufika saa saba na dakika kumi usiku imefikiriwa: ufikaji wake huandikwa 25:10, yaani saa huendelea kuhesabiwa kupita 24, ili safari isikatike katikati. (Nilicheka nilipoiona mara ya kwanza, kisha nikavua kofia.)

Wakubwa wanahofia programu mbovu zitawapotosha abiria. Zinazopotosha ni hizi zetu za kunakili kwa mkono. Watoe faili moja, waweke tarehe ya mwisho wa matumizi, na ratiba ikibadilika watoe jipya siku hiyohiyo.

Mwandishi wa programu aliyechoka kunakili