Kabla hujatia saini

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Ujumbe wako umenikuta barazani kwa mama, bakuli la mbaazi mkononi. Ikabidi niliweke chini. Wanataka kukufanya mbia, mmoja wa wenye kampuni yenu ya ukaguzi wa hesabu! Hongera, mwenzangu. Na wewe ndiye uliyeapa kwamba mwaka wa pili hutaumaliza.

Unaniuliza ukope benki utoe hiyo fedha ya kuingilia ubia, au uache. Mimi huko nimeshatoka, siku hizi nafunga hesabu za wenye maduka na malori, kwa hiyo nitasema bila kumchelea mtu.

Kwanza usilewe na jina. Deloitte, moja ya kampuni nne kubwa za ukaguzi duniani, walitangaza mapato ya dola bilioni 67.2 mwaka 2024, lakini fedha hizo haziingii chungu kimoja. Haya makampuni makubwa kwa kawaida kila nchi au kanda ina yake, na wenyewe ni wabia wa huko. Wanachoshirikiana ni jina, taratibu za kazi na ada ya kuendesha mtandao. Ndiyo maana EY, nyingine katika hizo nne, walipotaka kutenganisha ukaguzi na ushauri, viongozi wa EY ya Marekani walikataa, na Aprili 2023 mpango mzima ukaachwa. Mbia wa London akivuna, wewe wa Dar es Salaam hupati hata harufu. Utakula kilichopikwa ofisini kwenu.

Na kinapikwaje? Unakikumbuka kile kiwanda, tulipohesabu magunia mpaka alfajiri, vumbi kwenye kope? Bei ya kazi ilikuwa imeshapatanwa na mteja, na sisi tukapewa saa 300. Tulitumia 400 na ushee, tukaandika 310, maana meneja alikuwa akinuna ukizidisha. Zile 90 na ushee tulizozimeza, mteja hakuzilipa wala ofisi haikuzilipa. Tulizilipa sisi kwa usingizi, na hesabu za mbia zikaonekana safi. Hata bila kumeza saa, mpango ni ule ule: vijana wengi chini, mameneja wachache, mbia juu. Saa ya kijana inauzwa mara kadhaa ya anacholipwa, na tofauti, ikishatoa pango, mafunzo na mishahara ya walio bila kazi, ndiyo inayopanda. Kwa hiyo vijana wakikaa wiki tatu hawana mteja, hasara inatoka mfukoni mwako. Hapo ulipo mshahara unakuja mwisho wa mwezi. Ukishakuwa mbia utasubiri kibaki nini.

Ni kama mashua ya mjomba. Fungu la chombo linatoka kwanza, kisha la nyavu, kisha nahodha, ndipo baharia anaona chake. Waulize wewe fungu lako ni la ngapi. Uliza pia ankara ngapi zimelala zaidi ya miezi sita, maana faida inaandikwa leo na mteja analipa akipenda, na mkopo wa benki haungoji mteja.

Lakini linaloniumiza kichwa ni Arthur Andersen. Kampuni ya ukaguzi ya watu 85,000 hivi, ikazama 2002, ikatiwa hatiani mahakamani kwa mambo ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyokuwa mteja wake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuitengua ile hukumu mwaka 2005, wakati wateja walishahama na vitu vya ofisi vimeshauzwa. Wengi waliozama nayo hata faili la Enron hawakuwahi kuligusa. Mtaji wako unanunulia jina, Mwanaidi, na jina hilo linashikwa na watu usiowajua, wanaotia saini ripoti usizozisoma. Bila kinga ya sheria kwenye ubia, deni linakufuata mpaka nyumbani.

Sikukatazi. Umeitolea jasho nafasi hiyo, na kuna wabia wanaishi vizuri sana. Nataka tu niuone mkataba, hasa kurasa za kujitoa: mtaji wanakurudishia lini, kwa mafungu mangapi, na madai ya zamani yanakufuata miaka mingapi. Wakikwambia kurasa hizo ni za kawaida tu, zisome mara mbili.

Panda basi Ijumaa. Mama anasema atakupikia samaki wa nazi, na anauliza kama bado huli pilipili.

Wako,
Zuhura