Tuonyesheni na chini ya tela

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapa kuhusu matela ya kulala yanayotengenezwa nyumbani, yale madogo yenye umbo la tone la machozi. Picha zilivutia kweli: godoro limetandikwa, taa zinawaka, mlango wa nyuma umeinuliwa na jiko limejitokeza. Nilizitazama mara mbili tatu nikitafuta picha hata moja ya chini ya tela. Sikuiona. Ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, haipo, springi hazipo, mkono wa kukokotea haupo. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kwa sababu nina hakika wapo vijana waliokata ukurasa ule na kwenda nao moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea.

Mimi ni seremala. Tela langu nililitengeneza kwa miezi kumi na mmoja, jioni baada ya kazi, na binti yangu ndiye aliyenishikia taa na kunisomea vipimo. Upande wa mbao haukunisumbua. Umbo hili lilianza kupendwa Marekani miaka ya 1930, na mtu wa mbao akilitazama anaelewa kwa nini halijafa hadi leo: ubavu mmoja mzima unaweza kutoka kwenye plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8. Unapigilia misumari michache, unapinda ubao mwembamba katikati yake, unafuata mkunjo kwa penseli, unakata. Ubavu wa kwanza unakuwa kiolezo cha wa pili. La kuangalia sana ni kingo, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa ubavuni kuliko kwa usoni. Kila ukingo na kila tundu la skrubu nilivipaka epoksi mara tatu kabla ya kufunika na bati la alumini. Hapo sina hofu hata mvua ikinyesha wiki nzima.

Kwenye chuma ndipo nilipokosea, na makosa ya chuma hayaishii kwenye kuvuja.

Safari ya kwanza ya mbali tulikuwa watatu. Tangi la maji la lita 80 nilikuwa nimelifunga nyuma kabisa, chini ya jiko, kwa sababu maji huhitajika jikoni. Nilidhani nimefikiri vizuri. Tulipoanza kushuka mteremko mrefu, mwendo kama kilomita 80 kwa saa, nikaona kwenye kioo tela linatikisa mkia: kushoto, kulia, kushoto tena, kila mara kwa nguvu zaidi. Nikakanyaga breki, likazidi. Gari lenyewe likaanza kuvutwa nyuma kama mtu anayeshikwa shati. Nikaachia breki, nikaachia na mafuta, nikashika usukani bila kuugeuza, mpaka mwendo ukapungua na tela likatulia lenyewe. Binti yangu hakusema neno mpaka tuliposimama.

Jioni ile niliazima mizani ya kujipimia uzito. Tela likiwa limepakiwa kila kitu, magurudumu yamewekewa vizuizi na sakafu iko sawa, niliushusha mkono wake juu ya mizani. Kilo 28. Tela zima lilikuwa na uzito wa kilo 680. Yaani mkono ulibeba asilimia 4 tu, wakati kanuni inayofuatwa na mafundi wa matela ni asilimia 10 hadi 15. Tela ambalo mkono wake ni mwepesi hivyo linabebwa na mkia wake, na upepo wa lori au shimo dogo tu latosha kulianzishia wazimu.

Kutoka ekseli hadi kwenye kiungo, pale mkono unaposhikana na gari, ni mita 2.8. Tangi lilikuwa mita 1.1 nyuma ya ekseli. Nikalihamishia mbele ya ekseli kwa sentimita 30, chini ya kitanda, na kuvuta bomba jembamba la kupeleka maji jikoni. Nilipopima tena mizani ikasoma kilo 68. Sikuongeza wala kupunguza kitu kingine chochote. Kilo zilezile 80 za maji, mahali pengine. Tangu siku hiyo sijawahi kuona mkia ule ukitikisika. Nawaomba vijana wapime kabla ya kufunga kitanda na makabati, wakati bado ekseli yenyewe inaweza kusogezwa, kwa sababu kuisogeza baadaye ni kazi ya kukata na kuchomelea upya.

Kosa la pili lilijificha miezi minane. Nilitaka mahali pa kubebea madumu mawili, nikamwomba fundi achomelee kishikizo juu ya mkono wa kukokotea. Akakichomelea kwa kukatisha, mstari mmoja mzuri kutoka upande huu hadi upande huu. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Siku moja nasafisha matope, kidole changu kikapita juu ya rangi na kuhisi kitu kama unywele umekwama. Nikapangusa. Ulikuwa mstari wa kutu, mwembamba, umeanzia pale pale pembeni ya mshono na kushuka ubavuni mwa chuma kiasi cha kucha mbili. Nikakwangua rangi kwa patasi, na ule unywele ukawa ufa.

Kwenye njia mbovu mkono wa tela unapinda kidogo sana kwenye kila tuta na kila korongo, juu chini, maelfu ya mara kwa siku moja. Upande wake wa juu na wa chini ndio unaovutwa na kukandamizwa kuliko kwingine kote. Ukichomelea hapo kwa kukatisha, au ukitoboa tundu hapo, umekionyesha chuma mahali pa kuanzia kupasuka. Siku hizi chochote ninachofunga juu ya mkono nakibana kwa boliti zenye umbo la U zinazouzunguka, bila kutoboa na bila kuchomelea. Mkono wenyewe niliubadilisha wote. Mpya unapita chini ya chasisi hadi kwenye kipande cha mbele ya ekseli, haukukomea kwenye ukingo wa mbele kama wa kwanza. Kiungo nacho nimeweka kinachozunguka pande zote, kwa sababu kiungo cha kawaida, cha tufe la chuma, hugoma gari likiwa kwenye mtaro na tela bado liko juu ya tuta. Na minyororo miwili ya usalama imepishana chini ya mkono, ili ukichomoka udakwe kabla haujagusa ardhi.

Mengine niliyajua mapema, namshukuru Mungu. Upana wa magurudumu ni sawa na wa gari, basi yanapita kwenye njia ile ile ambayo gari limeshaikanyaga. Rimu zinaingiliana na za gari, kwa hiyo spea ni ya wote. Kila tukipumzika naweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu: kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi inalalamika. Nati za magurudumu nazikaza tena baada ya kilomita 50 za kwanza.

Neno moja kuhusu ndani, maana makala ilisifu tela "lisilopitisha hata vumbi". Langu pia nilikuwa nimeliziba kwa mipira kila upande. Asubuhi tuliamka ukuta unatiririka maji na vichwa vinagonga. Watu wawili wakilala kwenye chumba kidogo namna ile, pumzi yao haina pa kwenda. Sasa kuna tundu chini mlangoni na jingine darini, yote yana wavu, na hayafungwi usiku hata kukiwa na baridi. Jiko linabaki nje, na haliingizwi ndani kwa ajili ya kuota moto. Moto hutoa sumu ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na chumba cha ukubwa wa kitanda hujaa upesi.

Mhariri, sipingi mtu kujitengenezea tela. Usiku niliolala ndani ya kitu nilichokikata kwa mikono yangu, binti yangu akikoroma pembeni, sitaubadilisha na hoteli yoyote. Ninachoomba ni kwamba mkiandika tena, mwandishi wenu alale chali chini ya tela na kamera yake. Nimeambatanisha picha tatu: tangi mahali pake papya, mizani chini ya mkono, na ule ufa. Nafasi ikiwa ndogo, chapeni ya ufa.

Fundi seremala,
msomaji wenu